Je, Shaka ni Dhambi?

Mama mmoja wa Sekei, hapa Arusha, mgonjwa wa kisukari, alinijia mwaka 2011 akiwa na fadhaa. Alikuwa amerudi kutoka kijiji cha Samunge, Loliondo, alikokunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu. Tangu arudi hakuacha kumeza vidonge vya hospitali. Majirani wakamlaumu: kumbe hukuamini! Akaniuliza, "Mwalimu, je, nimetenda dhambi kwa kutia shaka?"

Kabla ya kumjibu, yafaa tulitazame neno lenyewe, maana twalitumia ovyo. Twasema "shida na mashaka", tukikusudia taabu. Neno hilo lina mzizi wake mwingine katika Kiarabu, lakini masikioni mwetu yote mawili yamechanganyika, hata mwenye shaka huonekana kama mtu aliyepatwa na msiba. Twasema pia "wasiwasi", ambao asili yake ni mnong'ono. Huo hautulizwi na ushahidi wowote, kwani haukuja kuuliza. Tena iko dhana mbaya, yaani kumhukumu mwenzako moyoni. Na la ajabu zaidi ni hii "bila shaka" yetu, ambayo mara nyingi hutamkwa na yule asiyechunguza lolote! Hebu jihesabu, msomaji, leo umeisema mara ngapi.

Wayunani wa kale walimwita mwenye shaka skeptikos, na maana ya asili ya neno hilo ni mtazamaji, mchunguzi. Wafuasi wa Pyrrho walilipeleka mbali mno, wakasimamisha hukumu karibu katika kila jambo. Lakini nadhani hata wao, wangelikuwa Sekei, wangeliangalia magari kabla ya kuvuka barabara ya Moshi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia kwamba kwa muda wa karibu miezi miwili hakuweza kuyaamini hata macho yake. Maana kivuli huonekana kimesimama, kumbe kinakwenda. Naye huyo ndiye aliyekuwa mwalimu mkubwa wa dini.

Tena si vitabuni tu. Katika mji huu huu wa Arusha ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofunga kazi zake mwishoni mwa mwaka 2015. Walioshtakiwa walikuwa 93, na mashtaka yalihusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Je, kuna uovu unaowasha moyo kuliko huo? Hata hivyo sheria ilidai ushahidi usioacha shaka ya maana, na washtakiwa 14 wakaachiwa. Hapo shaka haikuwa udhaifu wa imani. Ilikuwa haki ya mtu.

Basi turudi Samunge. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga huponya kisukari, saratani, hata UKIMWI. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini wakafia njiani. Viongozi wakaonekana wakinywa. Wako walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi, wakazidiwa. Watu waliposikia kwamba dawa ile haina sumu, wakadhani imethibitika kwamba inaponya. Lakini hata maji ya kisima hayana sumu!

Upande wa pili walikuwako waliocheka tangu siku ya kwanza na kumwita mzee yule mwizi. Hao nao hawakuwa wachunguzi; walikuwa na "bila shaka" yao. Bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500 tu, na mtu aweza kukosea kwa nia njema. Mzee huyo amekwisha fariki, mwaka 2021, na hukumu ya moyo wake haiko mikononi mwetu. Lililotupasa ni kulipima dai lake.

Ndugu mpendwa, labda wewe uliiacha njia ya wazazi wako baada ya kuuliza maswali usiku na mchana. Je, mlango ulioingilia ukawe haramu kwako baada ya kuingia? Nabii Ibrahimu a.s. alimwomba Mwenyezi Mungu amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, ili moyo wake utulie. Hakufukuzwa, alionyeshwa. Na Kurani Tukufu yatuagiza tuzipeleleze habari tuletewazo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Nilimjibu mama yule kwamba hakutenda dhambi, lakini shaka yake ilikuwa bado nusu: alikuwa amejihadhari, hajatazama. Nikamsihi aende akapimwe. Wiki ya pili akarudi; sukari yake ilikuwa nzuri. Majirani wakashangilia: kikombe! Naye akasema, "Lakini na vidonge nimemeza." Basi tukaifungua kadi yake ya kliniki mezani, tukasoma tarakimu za miezi kabla ya safari, alipokuwa akimeza vidonge peke yake, kisha za baada ya safari. Zilikuwa karibu sawasawa. Akazirudia mara mbili kwa kidole, akaikunja kadi, akaitia mkobani pamoja na vidonge vyake.