Dhuluma, Neno Tunalolikwepa



Wengi wetu tulizaliwa ukimbizini. Rumonge tuliijua kwa midomo ya wazee: ziwa, ndagala, michikichi, na mwaka 1972. Wakifika mwaka huo hupunguza sauti na kusema neno moja la Kirundi: ikiza. Maana yake ni baa, kama tauni. Wengine husema "matukio", wengine "machafuko". Kwa kuwa baadhi ya jamaa zetu wanafikiria kurudi, tuyapime maneno haya.

Tusiwalaumu wazee. Kwa miaka mingi waliobaki Burundi hawakuruhusiwa hata kulilia wafu wao waziwazi, na neno ikiza liliwasitiri. Lakini tauni haina wa kuulizwa. Ziwa huchafuka kwa upepo, wala hakuna anayeushtaki upepo. Mambo ya 1972 yalikuwa na mikono. Tarehe 29 Aprili waasi Wahutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi, wake kwa waume. Kisha serikali ya Micombero ikawageukia Wahutu nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, watumishi wa Mungu, wakulima. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi walikamatwa kwa orodha, na kila orodha ina mtu aliyeiandika.

Biblia yetu ina neno bora. Katika Mwanzo sura ya 6, kabla ya gharika, dunia ilijaa dhuluma. Neno hilohilo la Kiebrania ndilo Habakuki anamlilia Mungu kwalo katika sura ya 1. Palipo na dhuluma pana aliyedhulumu na aliyedhulumiwa. Mungu hakumwambia Kaini kwamba kumetokea machafuko shambani. Alimwuliza ndugu yake yuko wapi.

Tena dhuluma haihitaji panga. Someni 1 Wafalme 21. Nabothi aliuawa kwa barua, muhuri na mashahidi wawili wa uongo. Ahabu hakurusha jiwe hata moja. Aliteremka tu kulitwaa shamba. Hata hivyo Eliya alimhesabia yote mawili, kuua na kutwaa. Rumonge nako, watu walipokwisha kukimbilia Tanzania na Zaire, mashamba yao mengi waligawiwa wengine. Mtu akavuna mawese ya michikichi asiyoipanda. Ndiyo sababu tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikuta huko mashauri mengi mno.

Sasa, wapendwa, neno hili linatugeukia sisi. Tumewasikia vijana wakisema, "Tukifika, shamba la babu tutalitwaa kwa nguvu." Lakini anayekaa pale huenda aliuziwa na mtu mwingine, au alipewa na serikali, na watoto wake wamezaliwa hapo. Tukimfukuza usiku, tutaiitaje kazi hiyo? Tutasema ni haki. Tukitendewa ni dhuluma, tukitenda ni haki! Mume naye humpiga mkewe akasema anamfundisha adabu.

Hata hadithi yetu tunaikata hivyo. Wengi wetu huianza mwezi wa tano 1972. Kwa jirani zetu wengine Watutsi inaishia tarehe 29 Aprili. Hatusemi kwamba hesabu za wafu ni sawa, si sawa. Tunasema tu kwamba mjane wa Aprili na mjane wa Mei wote walilia, na Mungu aliwasikia wote wawili.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwasimulie watoto hadithi nzima, pamoja na sehemu inayotuaibisha. Pili, anayerudi adai haki yake. Kudai si dhambi, Nabothi naye alikataa kuuachia urithi wa baba zake. Lakini aende mchana, apite kwa bashingantahe na kwenye sheria, awe tayari kusikia habari za yule aliyemkuta, na hata kugawana naye. Tatu, kila mmoja ajiulize leo nyumbani mwake: ni jambo gani ninalolipa jina zuri, ambalo ningelitendewa mimi ningeliita dhuluma?

Swali hili la tatu ni gumu, nasi tunaowaandikia tumeanza kujiuliza wenyewe.