Je, Maskini Ndiye wa Kulaumiwa?

Ndugu msomaji, ni mazoea yetu sisi watu wa miji kumtazama maskini kisha kusema: "Angelijitahidi asingelikuwa hivi." Neno hili ni jepesi kulisema, lakini je, ni la haki?

Mwenye shaka na atazame ufuo wa ziwa pale Kisumu. Wako wavuvi wavuao dagaa wa ziwani, waitwao omena, usiku kucha kwa mwanga wa taa. Na kunapokucha hurejea na fungu dogo tu, kwa sababu chombo si chao na wavu si wao. Mtu huyu hakukosa bidii. Alichokosa ni rasilmali. Miaka yapita, naye yu pale pale.

Wala hali hii si ya mvuvi peke yake. Mwaka 2004 mtaalamu Anirudh Krishna na wenzake walitoa uchunguzi wa vijiji 20 vya magharibi ya Kenya, katika Vihiga na Siaya, wakifuata khabari za kila nyumba kwa muda wa miaka 25. Waliona ya kuwa wako waliotoka katika umaskini, na wengine wakati ule ule wametumbukia. Wenye kutoka walipata pato la pili, kama kazi ya mjini au biashara. Wenye kutumbukia, wengi wao waliangushwa na maradhi na gharama zake, na gharama za mazishi. Basi mlango wa kutokea ni mbali na shimo la kuangukia ni mbali. Kufungua mlango bila ya kufukia shimo ni nusu ya kazi.

Ama sisi, twatoaje? Twaigawa Zaka senti senti, mtu apate chakula cha leo, na kesho arudi. Hali Imamu Nawawi, katika kitabu chake al-Majmuu, ameeleza ya kuwa fundi hupewa cha kununulia zana za kazi yake, na mfanya biashara hupewa rasilmali ya kumtosha. Na huko huko Siaya nyumba zaidi ya 10,000 zilipewa kiasi cha dola 1,000 kila moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ukaonyesha ya kuwa hata majirani wasiopewa walinufaika, na bei hazikupanda ila kidogo sana.

Basi mvuvi na anunuliwe wavu wake, na pawe na mfuko wa kumtibu mgonjwa wake kabla hajauuza wavu huo. Tukimpa maskini kidogo cha kumbakiza alipo, kisha tukamlaumu kwa kubaki, ni nani kati yetu mwenye kosa?