Aliyeingia Kanisani kwa Ajili ya Taji



Wapendwa vijana, kila mafundisho ya wakatekumeni yanapoanza, kuna minong'ono: huyu kamfuata Yesu, au kamfuata mchumba? Leo tulitazame swali hilo kupitia mtu ambaye hakufuata mchumba. Alifuata ufalme.

Friedrich August alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1670. Mwaka 1694 kaka yake alifariki kwa ndui, naye akawa mtawala wa Saxony. Sasa, enzi hizo Saxony ndiko ulikokuwa mji wa Wittenberg, alikoanzia Martin Luther, na ukoo wake ulikuwa wa Kilutheri. Mwaka 1696 akafa Jan Sobieski, mfalme wa Polandi. Huko mfalme alichaguliwa na wakuu wa nchi, na Mlutheri asingepita. Basi Juni 1697 Friedrich August akapokelewa katika Kanisa Katoliki huko Baden, karibu na Vienna. Septemba mwaka huohuo akavikwa taji mjini Kraków, akaitwa August II. Hesabu miezi mwenyewe. Na hongo alizotoa ili achaguliwe hazikuwa ndogo!

Baada ya hapo maisha yakaendelea vilevile: anasa, wanawake wa nje, vita. Taji lenyewe alinyang'anywa mwaka 1706, akalirudia mwaka 1709.

Mkewe, Christiane Eberhardine, alikataa kubadili dini. Hakukanyaga Polandi hata siku moja, wala hakutawazwa malkia. Alikufa mwaka 1727 katika jumba lake la Pretzsch, akiwa Mlutheri, na Bach akamtungia muziki wa maombolezo. Niseme wazi, ingawa mimi ni Mkatoliki: katika ndoa ile, aliyeichukulia imani kwa uzito ni mama huyu. Ilimgharimu, akakubali kulipa.

Lakini ngoja kidogo. Mwana wao naye akawa Mkatoliki, akamwoa Maria Josepha wa Austria, mwanamke wa sala, na wakati wa utawala wake likajengwa kanisa kubwa la Kikatoliki katikati ya Dresden, likawekwa wakfu mwaka 1751. Leo ndilo kanisa kuu la jimbo la Dresden-Meissen. Mwili wa August uko Kraków, ila moyo wake umehifadhiwa humo. Misa inaadhimishwa juu ya moyo wa mtu aliyeingia Kanisani kwa hesabu za siasa.

Je, hiyo inamsafisha? Mimi nasema hapana. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba wapo wanaomhubiri Kristo kwa wivu, naye akafurahi kwamba Kristo anahubiriwa. Hakusema popote kwamba wivu wao ni mwema. Mungu anaweza kuvuna hata shamba lililolimwa kwa nia mbaya, ila mkulima bado atajibu kwa nia yake.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisisitiza kwamba imani ni jibu la hiari. Na Kanisa halimlazimishi mchumba abatizwe: askofu anaweza kutoa kibali cha ndoa mseto. Kijana anayekuja mafundisho kwa ajili ya binti aambiwe hilo mapema, kabla hajaona aibu kurudi nyuma. Akishajua, na Jumamosi inayofuata akaja tena, msogezeeni benchi akae.