Tulishinda, Walishindwa

Februari 2025, wiki ambayo marais wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kuizungumzia Kongo, nilikuwa nimekaa katika duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na rafiki yangu ambaye tumekuwa majirani Upanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Akaingia mama mmoja wa Goma. Desemba alikuwa ameweka kianzio cha marobota mawili. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 wakauteka mji wake, njia ikafungwa, na sasa alikuwa anaomba arudishiwe fedha zake. Mwenye duka alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu: "Vita si vyangu, mama."

Mama akatugeukia sisi tuliokuwa benchini. Akatuuliza, bila ubishi wowote, askari wa Tanzania waliokwenda kwao wamefanya nini. Rafiki yangu akamjibu kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani: "Mama yangu, hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi hata kura sijapiga tangu 2005."

Mama akaondoka mikono mitupu. Mwenye duka namwelewa, maana alikuwa anazilinda fedha ambazo hazikuwa zake. Jibu la rafiki yangu ndilo limenikaa kooni mpaka leo.

Nikianza kufafanua wajibu ni nini, tutakesha. Mwanafalsafa Karl Jaspers, alipowaandikia Wajerumani wenzake mwaka 1946, alitenga hatia za aina nne, mojawapo ikiwa ya kisiasa: ile inayomfika mtu kwa sababu ni raia wa dola fulani, hata kama mkono wake hauna damu. Naichukua hivyo hivyo na kusonga mbele.

Kwa rafiki yangu, kura ni saini ya mdhamini. Asiyetia saini hadaiwi. Maneno haya yanavutia, na nimeyasikia kwa wasomi na kwa madereva wa bajaji. Lakini ni nani basi aliyesaini? Mimi nilipiga kura Oktoba 2020, na katika kampeni zote sikumsikia mgombea hata mmoja akisema kwamba tutapeleka kikosi Kivu. Karatasi ilikuwa na nafasi ya tiki moja, na tiki hiyo ikabebeshwa maji, shule, barabara na bei ya mbolea. Kikosi cha SADC, chenye askari wetu, kikaingia Kongo Desemba 2023. Katiba, katika ibara ya 44, inataka Bunge liitwe ndani ya siku 14 Rais anapotangaza hali ya vita, ila kupeleka kikosi chini ya mwavuli wa jumuiya si kutangaza vita. Kwa hiyo hata sisi tuliopiga kura hatukusaini. Tukiifuata nadharia hii mpaka mwisho, jeshi lilikwenda lenyewe.

Hilo bado si linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni kiambishi. Jirani yangu huyu, tukikaa barazani kwake jioni, husema: "Tulimng'oa Amin." Mwaka 1979 alikuwa darasa la tano. Husema: "Tuliikomboa Msumbiji," naye Frelimo ilipoundwa hapa Dar, Juni 1962, hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Husema tuliwavunjia Waingereza uhusiano kwa ajili ya Rhodesia, Desemba 1965, huku akipiga kifua kana kwamba barua aliipeleka yeye. Na Novemba 2013, M23 wale wale waliposhindwa, na katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda wakiwemo askari wetu chini ya jenerali Mtanzania, alinipigia simu usiku: "Tumewachapa!" Mwaka 2010 hakupiga kura. Hakuwa amesaini chochote. Kongo ni ile ile, jeshi ni lile lile. Ila 2013 ilikuwa tu-, na 2025 imekuwa wa-: wamepeleka, wameshindwa, wataondoka.

Kama sifa ya Vita vya Kagera, vile vilivyomng'oa Amin, inamfikia mtu bila kura, deni la Goma linazuiwa na nini? Baada ya vita vile tuliambiwa tujifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukabaki kiunoni miaka mingi. Mama wa rafiki yangu alipanga foleni ya sukari na sabuni kama mama yangu. Hakuna aliyeitwa pembeni akaambiwa kwamba wewe hukuulizwa, njoo uchukue kilo zako. Askari wetu wasiopungua 14 waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 2017, walikuwa na bendera moja begani, na bendera hiyo haina orodha ya waliopiga kura. Hata nyumba yake ya chini rafiki yangu ameipangisha kwa wakala wa forodha ambaye sehemu kubwa ya mizigo yake ni ya Kongo, na kodi ile huipokea kila baada ya miezi sita bila kuuliza imetoka kwenye sera ya nani.

Wapo wasemao raia hawezi kulaumiwa kwa siri za ulinzi asizozijua, na ni kweli. Wapo pia wasemao kwamba baada ya 29 Oktoba 2025, uchaguzi ambao wapinzani wakuu hawakuwemo kwenye karatasi, watu wakauawa mitaani na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, kumdai raia wajibu kwa sanduku la namna hiyo ni kumzidishia dhuluma. Hoja hiyo ina uzito kuliko ya rafiki yangu, na sina jibu lake.

Kila nikifika Kariakoo jina lenyewe hunivuta. Ni Carrier Corps iliyopita katika midomo ya watu wa hapa. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipigishwa kambi katika eneo hili. Walibeba risasi, unga na majeruhi katika vita vya Uingereza na Ujerumani, vilivyoanzia Ulaya. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. London hawakuwa na kura, Berlin hawakuwa na kura. Naye mwenye kukamatwa kijijini akatwishwa mzigo utamwambia vita ni vyake kwa kipimo gani? Nadharia ya rafiki yangu ingewatosha wale kikamilifu. Nashangaa kuiona imevaliwa na mtu mwenye nyumba Upanga.

Lakini mstari upite wapi? Mpagazi wa 1916 yuko upande mmoja, mpokea kodi yuko upande mwingine, na katikati yuko kijana wa mkokoteni anayelipwa elfu chache kwa robota la Kongo. Yeye yumo katika tu-? Nimejaribu kumtoa, nimejaribu kumwingiza, na kila mara naona nimemwonea.

Nilipomweleza rafiki yangu haya yote, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kura zangu zimemsaidia nini yule mama. Nimepiga kura kila uchaguzi mkuu tangu 1995. Siku ile benchini sikumwambia mwenye duka arudishe kianzio. Nilikunywa kahawa yangu.

Machi, juma ambalo SADC waliamua kukiondoa kikosi chao, niliyaona marobota mawili juu ya mkokoteni nje ya duka lile. Jina la mama lililoandikwa kwa wino mweusi lilikuwa limefutwa kwa mstari mmoja. Nikamuuliza kijana yanakwenda wapi. Akasema Lubumbashi, yameuzwa kwa mtu mwingine, na akaniomba nisogee apite.