Unadhifu na Amana

Katika lugha nyingi za kompyuta, nafasi tupu ni pambo: huachwa ili jicho lipumzike, nayo mashine huipita bila kuitazama. Ndiyo maana waandishi wa programu wamejitengenezea vyombo vya kuipanga mistari yao, kuisogeza, kuikata na kuilinganisha, hata kazi ya watu kumi isomeke kama ya mmoja. Ahadi ya vyombo hivyo ni moja: sura itabadilika, maana haitaguswa.

Ahadi hiyo ni nzito kuliko idhaniwavyo. Katika Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991, nafasi ya mwanzo wa mstari ndiyo inayosema mstari huo ni wa kundi gani. Amri ya kukata ada mara moja, hesabu zote zikishakwisha, ikisukumwa ndani kidogo tu, huwa amri ya kukata ada kwa kila hesabu. Katika JavaScript, ya mwaka 1995, neno linaloamuru jawabu lirejeshwe likitengwa na jawabu lake, hilo likashushwa mstari wa chini, mashine hutia nukta-mkato papo hapo, ikarudi mikono mitupu. Hakuna neno lililofutwa. Programu inakwenda, lakini si ile iliyokusudiwa.

Mpenzi wa mashairi hatastaajabu. Anajua kwamba kituo si urembo, na kwamba mnakili akivihamisha vipande vya mshororo huweza kuzua shairi jingine kwa maneno yale yale.

Basi lawama ni ya nani? Atasema mtu: chombo hakina nia, na asiye na nia hana kosa. Hoja hiyo huitoa mashine hatiani, lakini haimtoi aliyeituma. Anyooshaye kazi ya mwenziwe ameshika amana, na amana hailindwi kwa nia njema peke yake. Black, chombo cha kupangia Python kilichotoka mwaka 2018, kwa kawaida yake huulinganisha muundo wa programu kabla na baada ya kuipanga. Ikiona si sawa, huacha maandishi kama yalivyokuwa. Huo ndio uungwana: kujishuku kabla ya kushukiwa.

Aharibuye kwa jeuri hujulikana mapema, na watu humzuia. Asafishaye hufunguliwa mlango na kushukuriwa. Kwa kuwa hakuna amkaguaye, ukaguzi ni wajibu wake mwenyewe.