Si Bure

Msibani, watu wakishakula na masufuria yakisharudishwa uani, kuna saa ambayo mazungumzo hushuka sauti. Mmoja anauliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Anajibiwa: presha. Vichwa vinatikiswa, kimya kinapita, kisha mwingine anasema, "Lakini Jumapili tulikuwa naye, mzima kabisa." Hapo ndipo linapotoka lile neno, taratibu, kwa mtu aliyekuwa amenyamaza muda wote: "Si bure."

Bure kwa Kiswahili ni kitu kisicholipiwa, na pia ni jambo lisilo na sababu. Anayesema "si bure" anazikataa maana zote mbili kwa mpigo: kifo hiki kina sababu, na yupo aliyekigharamia. Sentensi inayofuata kwa kawaida ni "hapa kuna mkono wa mtu". Kwa miaka mingi nimeyatafakari maneno haya, na nimefika mahali pa kuamini kwamba yamebeba sehemu kubwa ya jibu la swali gumu: kwa nini binadamu, kila pembe ya dunia, huamini nguvu asizoziona. Ila kabla ya kufika kwenye mkono tuanze na macho, kwa sababu wengi wanaosimulia maajabu wameona kitu kweli. Mimi ni mmoja wao.

Nilikuwa kidato cha pili, nalala bwenini, kitanda cha chini. Alfajiri moja niliamka nikiwa chali. Mvua ilikuwa imekatika, matone yanadondoka kutoka ukingo wa bati. Niliona fundo la chandarua juu yangu, na taulo la mwenzangu wa kitanda cha juu likining'inia. Nikataka kugeuka, mwili ukagoma. Hata kidole hakikutikisika. Kisha nikajua kuna mtu amesimama upande wa miguu. Sikumwona uso, nilijua tu yupo, kama unavyojua mtu yuko nyuma yako kwenye foleni. Godoro likabonyea. Akapanda polepole, akanikalia kifuani, na pumzi ikawa nyembamba kama uzi. Nilijaribu kusoma dua, ulimi ukawa jiwe. Sijui ilidumu dakika ngapi. Taulo lilipoanguka nilishtuka, na mwili ukarudi kuwa wangu.

Asubuhi mwenzangu alinisikiliza bila kushangaa. "Umekabwa," alisema. "Jinamizi hilo. Ulilala chali?"

Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko tulivyojua sisi wawili. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili anayeota anakimbia asiruke kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba halisi huku ndoto ikiendelea juu yake; kifua kimelegea, pumzi ni fupi, na ubongo uliojaa hofu unatafuta adui. Kulala chali kunaongeza uwezekano wa jambo hilo kutokea. Japani huliita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Katika kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, watu husimulia juu ya bibi kizee anayewakalia watu kifuani, na mtafiti David Hufford, aliyechapisha kitabu juu ya masimulizi hayo mwaka 1982, aligundua kwamba hata watu ambao hawakuwahi kusikia habari za bibi huyo walieleza mambo yale yale: hatua, uwepo, uzito. Marekani wapo wanaosema ni viumbe kutoka anga za mbali walioingia chumbani.

Ugunduzi huo naupa uzito mkubwa. Tumezoea kufikiri kwamba mila humfundisha mtu kuogopa kitu, ndipo akione. Hapa tukio limetangulia, jina likafuata. Kwa hiyo anayemwambia mwenzake "umeota tu" anakosea, na anayemwita mshamba anakosea zaidi. Nilichohisi nilikihisi. Kilicho na mashaka ni jina nililopewa la kukiitia.

Lakini jina nalo si kitu kidogo. Mapema mwaka 1995 kisiwani Pemba watu walianza kusimulia juu ya Popobawa, aliyepewa jina kwa kivuli cha mabawa yake. Alisemekana kuingia nyumbani usiku, kuwabana watu kitandani na kuwaingilia, wanaume kwa wanawake. Habari zikavuka hadi Unguja, zikafika Dar es Salaam. Familia zilitoka na mikeka, zikalala nje kwa pamoja, wengine wakiota moto mpaka kukuche. Na ilisemekana Popobawa alimtaka aliyemvamia awasimulie wengine, la sivyo angerudi.

Ukizisoma habari hizo baada ya kujua sayansi ya usingizi, unatambua mengi: kitanda, uzito, mwili uliogoma. Hata hivyo usingizi hauelezi kwa nini mwaka ule. Watu hukabwa kila mwaka, na visiwa vizima havikeshi nje. Mwaka 1995 Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na hofu ilikuwa tayari imekaa ndani ya nyumba, jirani akimwangalia jirani. Mtu mwenye hofu hulala usingizi wa mang'amung'amu, na usingizi wa namna hiyo hukaribisha jinamizi. Kisha jinamizi likishapata jina, kila aliyewahi kukabwa akanyamaza kwa aibu anapata ruhusa ya kusema. Kwangu mimi sharti lile la kusimulia ndiyo sehemu inayoeleza zaidi kuliko zote: kiumbe kinachotisha kuliko vyote kiliwataka watu waongee.

Sasa turudi kwenye "si bure". Mtaalamu wa usingizi akishanieleza yote juu ya misuli na ndoto, ninabaki na swali moja: kwa nini mimi, na kwa nini usiku ule? Atajibu kwamba imetokea tu. Kwa jinamizi naweza kuridhika. Kwa mtoto aliyekufa, hapana.

Mwanaanthropolojia Mwingereza, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande, watu wa eneo ambalo leo Sudan Kusini, Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati zinakutana, na mwaka 1937 alichapisha kitabu juu ya uchawi wao. Mfano wake unaokumbukwa zaidi ni wa ghala la nafaka. Ghala husimama juu ya nguzo, watu huketi chini yake wakikimbia jua la mchana, mchwa hula nguzo, siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza waliokaa. Mzande anajua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kwa ajili ya kivuli. Anachouliza ni kwa nini ghala lianguke dakika ile ile walipokuwa chini yake watu hawa na si wengine. Sisi tunasema ni bahati mbaya. Lakini bahati mbaya ni jina la mahali tulipoacha kuuliza, wakati Mzande anaendelea, na jibu analolipata ni uchawi. Nani anafikiri vibaya hapo? Siwezi kumwita mjinga mtu ambaye ameuliza swali moja zaidi yangu. Nitabishana naye juu ya jibu.

Na jibu lile, karibu kila mahali, lina sura ya mtu. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliliona hilo mwaka 1757: tunaishi katikati ya hofu na matumaini, tusizijue nguvu zinazotuendesha, basi tunazivika sura yetu. Ndivyo tunavyoona uso mwezini. Huenda ni tabia iliyowaokoa waliotutangulia, maana aliyedhani kisiki ni chui alipoteza mbio zake tu, ila aliyedhani chui ni kisiki hakurudi nyumbani. Mwanaanthropolojia Malinowski naye aliona katika visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, kwamba wavuvi wa maji tulivu ya ndani, ambako samaki ni wa uhakika, hawakuhitaji uganga, lakini kwenye bahari kuu walijaa taratibu za uganga na maneno ya siri. Sihitaji kwenda huko kuyaona hayo. Nimeyaona uwanja wa mpira, timu yenye kocha mwenye cheti ikiruka ukuta ili isipite mlango rasmi kwa sababu wapinzani eti wameshautega. Matokeo ya mechi ni bahari kuu. Wenye digrii nao, siku ya kusubiri majibu ya vipimo, hurudi kuwa wavuvi.

Mpaka hapa ninaweza kuishi kwa amani na imani hizi. Kinachonikosesha usingizi ni pale mkono wa mtu unapopewa mwenyewe. Mwaka ule ule wa Popobawa, mjini Unguja, umati ulimuua mgonjwa wa akili aliyetoka bara kutafuta matibabu, wakidhani ndiye. Huko Usukumani vikongwe wameuawa miaka nenda rudi kwa ushahidi wa macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni, kuni na samadi ya ng'ombe, miaka hamsini ya kuwapikia wale wale waliokuja na mapanga. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kiswahili kina jina halisi la shughuli hiyo: ramli chonganishi. Neno lenyewe linakiri kwamba kazi yake ni kugeuza huzuni kuwa jirani fulani mwenye jina.

Shangazi yangu alifiwa na mwanawe wa pekee, aliyekufa akiendesha bodaboda, kwenye kona aliyoipita kila siku. Siku ya tatu ya msiba alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, kwa sababu alikataa kukaa bure. Ndugu mmoja wa marehemu mume wake akamsogelea, akainama.

"Shemeji, huyu mtoto hakufa bure. Kuna mzee namfahamu. Atakuwekea maji kwenye beseni, umwone mtu mwenyewe kwa macho yako."

Wote tuliokuwa karibu tulijua uso gani ungetokea kwenye yale maji. Kulikuwa na mama wa nyumba ya pili ambaye mwaka uliopita waligombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, wakatupiana maneno mabaya.

Shangazi hakuinua kichwa. Alipepeta ungo, akatoa chuya, akatoa kijiwe, akakitupa pembeni.

"Na nikishamwona, shemeji," alisema, "kesho kisimani nitaenda na nani?"

Yule ndugu akakosa la kusema. Shangazi akaendelea kuchambua, machozi yakidondokea kwenye mchele bila yeye kuyafuta. Uani, yule mama wa nyumba ya pili alikuwa amepandisha kanga hadi magotini, anasugua sufuria kubwa kwa mchanga.