Aliyelipiwa, Je, Bado Ana Deni la Shukrani?



Majuzi baada ya ibada ndugu mmoja alisema neno ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, wenyeji hawa hawakutupokea bure. Mashirika yanaleta pesa, wanachimbiwa visima kwa sababu yetu. Tuwashukuru kwa lipi?" Siku ile nilikosa jibu. Nikamwambia nitaandika.

Naomba nianzie mbali, Guatemala, katika Amerika ya Kati. Kando ya ziwa Atitlán upo mji mdogo wa San Pedro La Laguna, na wenyeji wake ni Wamaya wa kabila la Tz'utujil. Wasafiri kutoka Marekani na Ulaya huenda huko kujifunza Kihispania, na shule huwaweka katika nyumba za wenyeji kwa wiki moja au zaidi. Mgeni hulipa shule, shule nayo huipa familia sehemu yake. Kwa pesa hiyo anapata chumba na chakula: maharage meusi, mayai, na tortila, yaani mikate myembamba ya mahindi. Mahindi kwao ni jambo kubwa. Popol Vuh, kitabu cha kale cha Wamaya wa K'iche', kinasimulia kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mahindi. (Sisi twajua ni kwa mavumbi ya ardhi, lakini aliyewahi kungojea mgao uliochelewa hatawacheka.)

Mama wa nyumba huchemsha mahindi pamoja na chokaa, huyaosha, yakasagwa, kisha huzipiga tortila kwa viganja moja moja na kuziweka juu ya bamba la moto. Ni kazi ya kila siku. Chakula kimelipiwa, ni kweli. Lakini kumngojea mgeni aliyechelewa kurudi, nani alikulipia? Na baba anayerudia neno moja mara tano mpaka mgeni alishike, ilhali Kihispania chenyewe si lugha ya mama yake, analipwa shilingi ngapi kwa kila neno? Yuko mgeni ambaye wiki ikiisha anajua majina ya watoto wote, na amejifunza kusema "maltyox", ndiyo asante kwa lugha yao. Yuko na mwingine anayehesabu siku za maharage na kusema, "Nimelipa." Wote wawili walilipa sawa.

Tena Wamaya wa Guatemala wanajua kuwa mgeni asiye na kitu. Vita vya nchi yao vilidumu tangu 1960 hadi 1996. Miaka ya 1981 hadi 1983 jeshi lilichoma vijiji vingi vya Wamaya, na makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia jimbo la Chiapas, Mexico. Waliowapokea kwanza walikuwa wakulima maskini, wengi wao Wamaya pia, wakagawana nao mahindi yao machache. Baadaye misaada ilifika na wakimbizi zaidi ya 40,000 wakaandikishwa. Kundi la kwanza kubwa lilirudi kwao kwa mpango mwezi wa Januari 1993. Naona misaada ile haikufuta mahindi ya usiku wa kwanza. Ni madeni mawili.

Sasa tusome Luka 10. Tunamhubiri Msamaria kila mwaka, lakini mwenye nyumba ya wageni tunampita kama yule kuhani alivyompita majeruhi. Alipewa dinari mbili, akaahidiwa nyingine. Haya, amelipwa. Lakini Msamaria alikwenda zake. Nani alimgeuza mgonjwa usiku? Nani alifua vitambaa vya damu? Yule majeruhi alipopata nguvu, uso uliokuwa mbele yake ni wa mtu aliyelipwa. Je, amwambie, "Wewe mshahara wako umeshapata"?

Sisemi wenyeji wetu ni malaika. Mama aliyenyang'anywa kuni porini simwambii aende kumshukuru aliyemnyang'anya. Hilo ni la kupeleka kwa mwenyekiti. Wala wao hawakosi wa kutulalamikia sisi.

Lakini ndugu yangu, swali lako lilinirudia mimi mwenyewe. Mwaka 2012, tulipovuka pale Bunagana, mama mmoja karibu na Kisoro alituachia jiko lake usiku tatu, mimi na mke wangu na watoto wawili. Alitupa viazi, akatuazima sufuria yake, naye akapika kwa jirani. Hakuna shirika lililomlipa. Majina yetu yalikuwa hayajaandikwa popote. Kwa huyo sina kisingizio cha pesa. Tangu hapo nimepita njia ile mara mbili, nimeketi ndani ya basi upande wa dirisha, nikaiona nyumba. Mara zote mbili sikushuka.